AFYA NYUMBANI: Waya za Meno Zikiharibika Mbali na Daktari

Katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Kabezi na Magara hadi Minago, Rumonge na Nyanza-Lac, kijana aliyefungwa waya za kunyoosha meno si kioja tena. Huenda akawa binti wa askari aliyehamishiwa huko kikazi, au mwanafunzi wa Bujumbura aliyekuja likizo kwa bibi yake mzaa mama. Hawa si wengi, lakini wote wana shida moja. Daktari aliyezifunga waya hizo yuko Bujumbura, kilomita zipatazo 75 kutoka Rumonge, na barabara ile ya kando ya ziwa haitumainiki kila siku. Mwaka 2024 ziwa lilipopanda, maji yaliingia katika nyumba nyingi za Rumonge. Tena upungufu wa petroli wa miaka ya karibuni umewafunza wasafiri kwamba kuwa na nauli mfukoni si kuwa na safari.

Kwa hiyo mzazi wa mwambaoni yampasa ajue lipi la kutengenezwa nyumbani, lipi la kungojea, na lipi la kumwamsha dereva usiku wa manane.

Ni vema kwanza kufahamu kazi ya waya. Kila jino hugundishiwa kibanio kidogo, kisha waya mmoja hupitishwa katika vibanio vyote na kufungwa kwa vipira au nyuzi nyembamba za chuma. Waya huo una umbo ambalo meno yanatakiwa yalifuate, na kwa kuwa hutaka daima kulirudia umbo lake, huyavuta meno pamoja nao. Mfupa ulio mbele ya jino humeng'enyuka kidogo kidogo, na ulio nyuma yake hujengeka upya. Hiyo ni kazi ya miezi mingi, aghalabu mwaka mmoja na nusu au miwili, na ndiyo sababu daktari hutaka kumwona mgonjwa kila baada ya wiki chache. Waya haujui kwamba safari imeahirishwa. Ukiwa umepinda, utaendelea kulisukuma jino kule ulikopindia, usiku na mchana, bila msimamizi.

Kosa kubwa kupita yote hutokea hapo hapo mtaani. Waya umechomoka na unamchoma mtoto shavuni. Mtoto analia, baba amechoka kumsikiliza, na jirani aliye fundi wa baiskeli anakuja na koleo lake. "Afande, hii ni kazi ya dakika mbili tu." Kweli, kwa dakika mbili vibanio vyote vinaweza kung'olewa. Lakini gundi ya vibanio ina nguvu, na koleo likivutwa ovyo huweza kuondoka na kipande cha ngozi ngumu ya jino, ambayo ikishaondoka haioti tena. Gharama iliyolipwa Bujumbura inapotea, na meno ambayo hayajakaza mahali pake huanza kurejea yalikotoka. Fundi huyo ni mtu mwema na kazi yake ni ya heshima, ila koleo lake libaki kwenye minyororo na spoku.

Waya unaochoma una dawa nyepesi. Mtoto asimame penye mwanga mbele ya kioo, na mama aliyenawa mikono kwa sabuni ausukume taratibu ncha yake ukutane na jino, kwa kutumia kifutio safi cha penseli au kijiti kilichozungushiwa pamba. Ikiwa haukubali kupinda, ncha hiyo ifunikwe kwa nta ambayo daktari huwapa wagonjwa wake. Jino likaushwe kwanza, kwani nta haishiki mahali penye mate. Aliyeishiwa nta anaweza kutumia kipande kidogo cha chingamu isiyo na sukari kwa muda. Kuukata waya ni hatua ya mwisho kabisa, baada ya kuzungumza na daktari kwa simu. Hapo hutumika kikata kucha kilichooshwa na kuchemshwa. Mtoto huinamisha kichwa mbele, wala halazwi chali, na ncha inayokatwa hushikwa kwa kitambaa ili isidondokee kooni.

Kibanio kilichobanduka lakini kingali kinaning'inia kwenye waya kiachwe hapo hapo, kitiwe nta kisichezecheze, na daktari apigiwe simu asubuhi. Kikitoka kabisa kihifadhiwe katika kijikaratasi na kupelekwa siku ya miadi. Kisirudishwe kwa gundi ya madukani, ile ya kuunganishia viatu na plastiki. Gundi hiyo si ya kinywani.

Vidonda vya mdomo na mashavu ni vya kawaida katika juma la kwanza baada ya waya kufungwa au kukazwa. Nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji ya uvuguvugu, mtoto asukutue na kutema mara kadhaa kwa siku. Hapa watu wa mwambaoni wanahitaji onyo ambalo mtu wa mlimani pengine halihitaji. Maji hayo yawe yamechemshwa. Kipindupindu kimezuka Rumonge zaidi ya mara moja, na maji yaliyotekwa ziwani, hata yakionekana safi kama kioo, hayafai kutiwa mdomoni. Maumivu yakizidi, parasetamoli kwa kipimo kinachomfaa mtoto yatosha. Kidonge cha aspirini kisibandikwe ufizini, kwani huuchoma.

Chakula nacho kina sehemu yake. Muhogo uliopikwa ukalainika, wali, maharagwe, ndizi, mukeke aliyetolewa mifupa, vyote hivyo havina neno. Yanayovunja vibanio ni miwa inayomenywa kwa meno, mahindi makavu ya kuchoma, na kokwa za chikichi ambazo watoto wa Rumonge hupenda kuzipasua kwa magego. Ndagala wakavu waliwe kwa utaratibu, na meno yapigwe mswaki baada ya mlo, kwa sababu mabaki hukwama nyuma ya waya na kuozesha jino kimya kimya.

Wako pia wanaotumia vifuniko angavu vya plastiki badala ya waya, njia iliyoenea baada ya kampuni moja ya Marekani kuanzishwa kwa kazi hiyo mwaka 1997. Vifuniko hivi huvaliwa saa 20 hadi 22 kwa siku, huvuliwa wakati wa kula, na kila kimoja hutumika kwa wiki moja au mbili kabla ya kukipisha kingine. Askari kijana huvipenda kwa kuwa havionekani. Shida yao ni kupotea, kwani hufungwa katika karatasi mezani na kutupwa pamoja na mabaki ya chakula. Sanduku lake na likae katika mfuko wenye kifungo. Kikipotea, kivaliwe kile kilichotangulia ili meno yasirudi nyuma, na daktari aulizwe kwa simu kama yafaa kuanza kinachofuata. Visioshwe kwa maji ya moto wala visiachwe juani ndani ya gari, maana hujikunja na kupoteza umbo. Ukingo unaokwaruza ulimi husuguliwa kwa tupa ndogo ya kucha.

Hayo yote yaweza kungoja siku moja au mbili. Yafuatayo hayangoji, na hapa ndipo familia nyingi hukosea njia. Kwa kuwa waya zilifungwa Bujumbura, hudhani kwamba kila linalotokea kinywani ni lazima lipelekwe Bujumbura. Mtoto aliyemeza kibanio na hakohoi, anapumua vema na kumeza mate bila taabu, aghalabu atakitoa chooni. Hata hivyo daktari ajulishwe. Lakini anayekohoa mfululizo, anayekoroma kifuani au kupumua kwa shida, huenda kimeingia katika njia ya pumzi. Huyo apelekwe Hospitali ya Rumonge, au kituo chochote kilicho karibu zaidi, dakika ile ile. Hali kadhalika mwenye uvimbe wa taya unaoshuka shingoni, mwenye homa, asiyeweza kufungua kinywa au kumeza. Usaha wa jino ukishuka shingoni huweza kuua kwa kuziba pumzi, na dawa yake ni hospitali, wala si vidonge vilivyobaki vya jirani. Damu ya mdomo uliochanika ikandamizwe kwa kitambaa safi kwa dakika kumi bila kuchungulia. Isipokoma, ni hospitali pia.

Jino la utu uzima lililong'oka kwa pigo la mpira au kwa kuanguka mtumbwini lina saa yake. Lishikwe sehemu nyeupe, kamwe si mzizi. Lisuuzwe kidogo kwa maziwa au maji safi bila kusuguliwa, lirudishwe mahali pake, na mtoto aume kitambaa kulishikilia. Ikishindikana, litiwe katika maziwa baridi na safari ianze. Likirudishwa ndani ya nusu saa lina tumaini kubwa. Saa moja likiwa kavu, tumaini limepungua sana. Jino la utotoni halirudishwi, kwani laweza kuliumiza lile linaloota chini yake. Na jino lililolegea tu huku likishikiliwa na waya lisiguswe: siku hiyo waya umegeuka kuwa gango.

Limebaki jambo la uhamisho, ambalo kwa nyumba za askari na polisi ni la kawaida kuliko kuvunjika kwa kibanio. Amri ya kuhama ikija, mzazi apite kwa daktari kabla ya kufunga mizigo, aombe nakala ya faili la mtoto pamoja na picha za meno, nta ya akiba, na namba ya simu inayopokelewa. Daktari akijua kwamba familia itakuwa Nyanza-Lac kwa miezi sita, anaweza kufunga waya laini zaidi unaostahimili kungoja, au hata kuamua kuzitoa waya zote kwa mpango na kumpa mtoto kifaa cha kuyashikilia meno mpaka atakaporudi. Uamuzi huo hufanyika vema zaidi kabla lori la mizigo halijafika mlangoni.