JIONI YA KARANI NI YA NANI?



Wako watakaouliza, na kuuliza kwao ni haki, gazeti la chama cha Visiwani lina shughuli gani na Bariadi, mji wa pamba na ng'ombe, ulio mbali na bahari yetu mwendo wa siku nzima na zaidi. Jawabu letu ni fupi. Watoto wa Unguja na Pemba wamo katika ofisi za Muungano, na ofisi za Muungano zimetapakaa Bara yote: polisi, uhamiaji, kodi. Anayepelekwa huko ni damu yetu. Na linalomkuta huko baada ya kazi ndilo linalotukuta sisi hapa, isipokuwa huko limevuliwa nguo likaonekana wazi.

Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwezi wa Machi 2012. Ulimegwa katika Shinyanga, na kwa upande wa Busega katika nchi ya Magu iliyokuwa ya Mwanza, ukapewa wilaya 5: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Sensa ya mwaka ule ilihesabu watu 1,584,157. Ya mwaka 2022 ikakuta 2,140,497. Na mkoa unapozaliwa huzaa makarani. Wakaletwa wahasibu, mahakimu, wakaguzi, wapima ardhi, masekretari na madereva, wengi wao hawana hata shangazi mmoja katika mji. Wakajengewa ofisi. Ikatiwa lami barabara ya Bariadi hadi Lamadi, kilomita 71.8. Hayo hatuyakani, mpinzani anayekana lililo mbele ya macho ya watu hujivunjia heshima mwenyewe.

Bali twauliza swali dogo ambalo hatujapata kulisikia katika hotuba ya mkubwa yeyote: watu hawa, wakishafunga mafaili, waende wapi?

Tazameni saa. Mtumishi wa Serikali huingia kazini saa moja na nusu asubuhi, hutoka saa tisa na nusu alasiri. Sheria ya vileo, iliyotungwa mwaka 1968, inazitaka baa za rejareja siku za kazi zifungue saa kumi jioni na zifunge saa tano za usiku. Yaani dola imemwachilia karani, ikampa nusu saa ya kubadili viatu, kisha ikamfungulia mlango wa pili. Hatusemi kwamba mabwana walikaa faragha wakapanga hivyo. Hawana bidii kiasi hicho. Twasema tu kwamba kwa mlango wa kwanza iko sheria, kwa mlango wa pili iko sheria na leseni na ada yake, na kwa mlango wa tatu hakuna lolote.

Mwandishi wa maneno haya alipata kukaa Bariadi, katika chumba cha kupanga upande wa Somanda, na jioni za mji ule anazijua. Mikokoteni ya ng'ombe hurudi na vumbi lake, jua hushuka upande wa ziwa, na viti vya plastiki hutolewa nje. Huko kuna bia, kuna nyama choma, kuna televisheni yenye mpira. Asiyekunywa huenda banda umiza, akalipa kiingilio akabanwa na vijana mia katika giza na joto, akatazama timu za Uingereza. Asiyependa mpira hurudi chumbani. Hapo orodha imekwisha, na mtu asije akatwambia kwamba tumeifupisha kwa chuki.

Mwenye nyumba wangu, mzee wa Kisukuma mwenye adabu kubwa, aliniona usiku mmoja nimekaa kizingitini na kitabu nikisoma kwa mwanga wa simu. Akaniuliza, "Mwanangu, unaumwa?" Nikamwambia, "La, mzee wangu, nasoma tu." Akatikisa kichwa. "Basi ingia ndani. Mtu mwenye mshahara akikaa peke yake usiku, watu huuliza ana nini." Akaniletea michembe katika bakuli, nami nikamjibu wabeja, neno la kwanza nililolijua kwa lugha yake, na kwa miezi mingi ndilo lililokuwa la pekee.

Kwa wanawake hali ni nzito mara mbili. Binti aliyesomeshwa kwa taabu, akapata kazi, akapelekwa mkoa asioujua, akienda baa na wenzake wa ofisini kesho jina lake liko sokoni. Akikaa chumbani, jioni 5 za wiki ziko baina yake na ukuta. Akienda na mkubwa wake wa kazi, kwa kuwa mkubwa ndiye mwenye gari na ndiye aliyealika, hapo tena hatuna haja ya kueleza. Kila mwanamke aliyepata kufanya kazi ofisini anaijua njia hiyo inakoelekea. Wakubwa wakiulizwa habari za utu wa wanawake kazini hufanya semina. Semina huisha saa tisa na nusu.

Sasa geuzeni macho kilomita 72 tu. Lamadi ni njia panda: barabara ya Mwanza na Musoma imekutana na ya Bariadi, ziwa liko upande mmoja, na karibu yake liko lango la Ndabaka, la kuingilia Serengeti kwa magharibi. Katika Meatu kuna Pori la Akiba la Maswa, lenye vitalu vya wawindaji wa kitalii. Huko jioni ya binadamu imefikiriwa kwa kila kipengele. Mgeni amewekewa kiti pa kutazamia machweo, taa isiyomuumiza macho, moto wa kuota, mtu wa kumweleza nyota. Hatumwonei wivu mgeni, kalipa chake. Twauliza kwa nini nchi inayojua hivyo kupamba jioni ya mtu wa siku 3 haijui hata kidogo kupanga jioni ya mtu wa miaka 30. Na sisi wa Visiwani tusicheke. Nendeni Nungwi au Paje mkaone mwalimu wa skuli akitoka kazini anavyopita nyuma ya ukuta wa hoteli, bahari akiisikia kwa masikio tu, katika kijiji alichozaliwa.

Yatasemwa mengi kutujibu. Litatangulia lile la kwamba baa ni biashara ya mtu, na hakuna aliyelazimishwa kunywa. Kweli hakuna aliyeshikwa mkono. Lakini mahali penye mlango mmoja, anayeuingia hakuchagua. Chupa 3 kila jioni ya kazi ni chupa 15 kwa wiki na 60 kwa mwezi. Fanyeni wenyewe hesabu kwa bei ya mtaani kwenu, kisha muitoe katika mshahara wa karani wa daraja la chini ambaye mkewe na watoto wako mkoa mwengine. Katika ofisi za serikali, mikopo ya riba kubwa haikuingia kwa ajili ya karo peke yake.

Watasema pia: kwanza maji, kwanza dawa, starehe baadaye. Hoja hii hutolewa na watu ambao starehe zao hazikungoja. Na historia inaikadhibisha. Mkoloni, ambaye hakutupenda, alitujengea Raha Leo hapa Ng'ambo katika miaka ya 1940, ukumbi wa watu kukutana, na redio ikawekwa hapo. Alitaka tucheze tusahau siasa. Tulicheza, na siasa tulizungumza humo humo, na mwaka 1964 sauti iliyotangaza kwamba utawala umepinduliwa ilitoka Raha Leo. Dar es Salaam likajengwa jumba la Arnautoglu pale Mnazi Mmoja. Ulipokuja uhuru, chama cha wafanyakazi, NUTA, mwaka 1964 kikaunda bendi yake, NUTA Jazz, ambayo baadaye ikawa JUWATA na leo ni Msondo Ngoma. Fikirini, chama cha wafanyakazi kiliona kwamba muziki wa jioni ya mfanyakazi ni kazi ya chama! Shirika la maendeleo la jiji, DDC, likawa na kumbi na baadaye likawa na Mlimani Park. Nchi ile ilikuwa maskini kuliko hii.

Kumbi hizo na viwanja hivyo vimekwenda wapi? Hapa ndipo penye kidonda. Katika zama za chama kimoja wananchi walichanga, walibeba mawe, walifyatua matofali, bila ya mtu kuulizwa moyo wake uko wapi, maana chama kilikuwa kimoja na kila mtu alihesabiwa ndani yake. Mwaka 1992 vyama vikawa vingi. Siasa ikagawanywa, mali haikugawanywa. Kambarage ya Shinyanga, Kirumba ya Mwanza, Sokoine ya Mbeya, zote zimebaki kuwa mali ya CCM. Watoto wa waliobeba mawe leo wanalipa kodi kwa mwenye nyumba ambaye babu zao walimjengea. Mikoa mipya kama Simiyu, iliyozaliwa miaka 20 baada ya hapo, haikurithi hata ubishi huo.

Wala msidhani kwamba Wasukuma hawajui kustarehe mpaka wafundishwe na watu wa pwani. Hao ni watu wa Bagalu na Bagika, vyama viwili vya ngoma vilivyoshindana vizazi na vizazi, kila kimoja na mganga wake na hila zake, na uwanja mzima ukijaa baada ya mavuno. Ngoma ya majembe, bugobogobo, ilizaliwa katika kazi yenyewe. Bariadi ina Nyakabindi, viwanja vilivyobeba Nane Nane ya taifa miaka 3 mfululizo, 2018, 2019 na 2020. Lakini maonyesho ni ya Agosti, na karani ana jioni mwaka mzima. Ngoma huitwa akija waziri. Hucheza juani, hupigwa picha, huambiwa asante.

Sisi twaona kwamba iko sababu nyengine isiyosemwa. Mahali wanapokaa watumishi pamoja bila ya kulewa, pana kahawa, pana bao, pana magazeti, huzungumzwa mishahara, uhamisho, na nani alipandishwa daraja kwa njia gani. Barza zetu za Unguja zinajulikana kwa hilo, na wanaozichukia wanajulikana. Karani mlevi ana madeni na haya. Ni mtu mwepesi kutawaliwa. (Na sisi wapinzani tusijisafishe. Mikutano yetu mingapi ya Bara hufanywa baa, kisha twashangaa kwa nini kina mama hawaji?)

Tunalolitaka linawezekana. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na fungu hilo hutengwa. Ada za leseni za vileo huingia katika mfuko wa halmashauri hiyo hiyo. Basi ada hizo, zinazotoka katika jioni ya mtumishi, zirudi katika jioni yake: ukumbi wenye taa na maji, chumba cha kusomea kinachofunguliwa baada ya saa za kazi na si ndani yake, uwanja wa mpira wa pete, mahali pa ngoma pasipongoja waziri. Forodhani yetu, baada ya kutengenezwa mwaka 2009, huingiwa bure na tajiri na mchukuzi, mwanamke na mtoto, mpaka usiku. Anayenunua mishkaki hununua, asiyenunua hukaa akapigwa na upepo, na hakuna anayemuuliza anaumwa nini.

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na kabla yake madiwani hukaa kupitisha makisio. Tutalitafuta fungu hilo katika makisio ya Bariadi na ya Busega, na katika makisio ya wilaya zetu hapa Visiwani, na tarakimu tutakazozikuta, zikiwepo, tutazichapa katika ukurasa huu.