TAARIFA YA TAWI: CHANJO ZA WATOTO



Mvua hizi watoto wanakohoa, na tunaulizwa kama kliniki wana chanjo ya mafua. Haimo katika ratiba ya Taifa ya watoto. Iliyomo ni ya nimonia, tangu 2013, nayo ni bure: wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Mtoto akikosa hizo, kikohozi cha kawaida kinaweza kuishia kwenye mazishi.

Kinachokwamisha tunakijua. Mama anayekata mkonge akienda kliniki, siku hiyo hana malipo. Sindano ya kwanza anawahi, ya tatu inampita. Ya surua ya miezi 18 ndiyo husahaulika kabisa, maana mtoto keshaanza kutembea. Tusiwaseme akina mama. Baba naye anaweza kumbeba mtoto.

Na sisi viongozi tulikosea: mkutano uliopita tuliuweka siku ya kliniki. Hatutarudia.

Mabalozi, piteni kila nyumba, ya mwanachama na asiye mwanachama. Kadi mtakayoulizia ni ya kliniki, si ya chama.

Katibu Mwenezi wa Tawi, Hale