Wanaliita gofu: nani amelipima?

Jengo la zamani la umma likianza kuvuja katikati ya Dar es Salaam, haichukui muda wakubwa wanalipa jina: gofu. Jina likishazoeleka vijiweni, kazi imekwisha. Kinachofuata ni uzio wa mabati, kisha nyundo, na mwananchi aliyekuwa mwenye mali anageuka mpita njia.

Hatusemi kila ukuta mkongwe ubaki. Lipo jengo lililokwisha kufa, na kulibakiza ni kuchezea roho za watu. Tunachodai ni kimoja: kabla ya kubomoa au kukarabati, lipimwe, na majibu yawekwe hadharani kabla ya zabuni.

Ushahidi upo karibu na bandari. Boma la Kale, Barabara ya Sokoine, lilijengwa kati ya 1866 na 1867 kwa ajili ya wageni wa Sultani Majid. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Limemwona Sultani, Mjerumani na Mwingereza, wote wameondoka, lenyewe limesimama. Likakarabatiwa, na mwaka 2017 likafunguliwa kuwa kituo cha urithi wa usanifu wa majengo ya jiji. Kumbe mkongwe anaweza kurudi kazini!

Sasa tazama upande wa pili wa bahari. Huko Zanzibar, Beit al-Ajaib ya mwaka 1883 iliporomoka sehemu yake mwaka 2012. Tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa katikati ya ukarabati, ikaporomoka tena na watu 2 wakapoteza maisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kuchelewa nako ni uamuzi, ila gharama yake hailipwi na aliyechelewesha.

Watakuja wa kutuambia basi tujenge jipya, jipya ni salama. Changa la macho! Tarehe 29 Machi 2013, katika Mtaa wa Indira Gandhi, ghorofa lililokuwa bado linajengwa liliporomoka na kuua watu 36. Upya si cheti cha usalama.

Kupima si mkubwa kupita na msafara akatikisa kichwa. Ni mhandisi kukagua msingi, paa na mifereji, maana maji ndiyo adui wa kwanza. Ni kuangalia kama kuna aliyepiga plasta ya saruji juu ya ukuta wa chokaa: saruji huzuia unyevu kutoka, chumvi ikabaki ndani, ukuta ukamomonyoka. Ni kulinganisha jengo na kazi. Boriti ya mkoko haivuki mbali, ndiyo maana vyumba vya kale ni vyembamba. Ukivunja ukuta wa kati ili upate ukumbi wa harusi, umebomoa kwa jina la ukarabati. Vyumba hivyo hivyo vinatosha darasa la ufundi au ofisi ya kata. Mwisho ni hesabu mbili: ya kukarabati, na ya kutunza kila mwaka.

Wala msijidanganye kwamba sheria inatosha. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayatambua kwa umri wake majengo ya kabla ya 1863. Boma la Kale lilikosa kwa miaka michache tu! Jengo la baadaye hungojea tangazo la waziri. Linalolindwa kwa kalamu ya mtu mmoja linahitaji macho ya wengi.

Kijana, usidhani haya ni mambo ya watalii na maprofesa. Ukarabati unataka mikono: waashi wa chokaa, maseremala, wachonga milango. Ghorofa la vioo linaletewa vioo vyake tayari, wewe unaishia kubeba zege kwa kutwa. Tena jengo la umma lina mlango wako. Likishakwenda kwa mwekezaji, lina mlinzi.

Kwa hiyo wakitaja gofu jingine mtaani kwako, mfuate diwani na maswali matatu. Nani amelipima? Ripoti iko wapi? Likipona, litamfaa nani? Akibabaika, ujue bei imeshapangwa, na wewe hukualikwa mezani.