MLANGO SI RAHANI YA KODI



Mwenzetu mmoja alikuwa zamu ya usiku Kisumu. Nyuma yake, katika chumba alichopanga Nyamira, mwenye nyumba alikuja na bisibisi, akafungua bawaba, akaondoka na mlango. Deni lilikuwa la miezi miwili. Mvua ilinyesha, na mke na watoto walilala nyuma ya gunia.

Mwenye nyumba husema, "Mlango ni mali yangu." Ndiyo, bwana, lakini umeupangisha pamoja na chumba. Kwa nyumba ambazo kodi yake haizidi Sh. 2,500 kwa mwezi, Sheria ya Kudhibiti Kodi yakataza kumsumbua mpangaji ili ahame. Deni hudaiwa mbele ya baraza la kodi au kwa dalali mwenye leseni, naye hukamata vyombo, si mlango.

Mwaka 1604, katika kesi ya Semayne, mahakama ya Uingereza iliamua kwamba hata katika shauri la mfalme, ofisa sharti abishe hodi na kutaja sababu kabla ya kuvunja. Sheria yetu ya mwenendo wa jinai, fungu la 22, yawataka polisi vivyo hivyo. Askari mwenye bunduki hupiga hodi. Huyu mwenye bisibisi ni nani?

Tusidanganyane: kodi ilipwe, na wako wanaoinywa. Lakini mlango uking'olewa, usipigane. Ita majirani washuhudie, kaandikishe habari kituo cha polisi, kisha ulete namba ya taarifa ofisini kwetu siku hiyo hiyo.