Cadillac ya 1976: Madai Matano ya Wauzaji

Mtu wa Dodoma mwenye akiba nzuri akifungua simu siku hizi haishii kuona viwanja vya Iyumbu na nyumba za Chimwaga tu. Hukutana pia na Cadillac Eldorado ya 1976, gari la kifahari la Kimarekani lenye paa la kukunja, linang'aa kwa rangi mpya, "kwa wakusanyaji makini." Nayapenda sana magari haya, na ndiyo maana sitaki yauzwe kwa uongo. Nitayajibu madai ya wauzaji moja baada ya jingine.

"Ndilo gari la wazi la mwisho kutengenezwa Marekani." Cadillac yenyewe ililinadi hivyo. Kampuni nyingine za huko zilikuwa zimeshaachana na magari ya wazi kwa sababu wanunuzi walipungua na sheria kali za usalama zilihofiwa. Gari la mwisho lilitoka kiwandani Detroit tarehe 21 Aprili 1976. Watu wakayagombania, wakalipa juu ya bei ya dukani, ambayo ilikuwa kama dola 11,000, kisha wakayafungia gerejini yapande bei. Lakini mwaka 1982 Chrysler ilileta gari jipya la wazi, na mwaka 1984 Cadillac nayo ikarudi na Eldorado ya wazi. Baadhi ya walionunua walikwenda mahakamani wakidai wamehadaiwa, na hawakufua dafu. Dai hili limekuwa si kweli kwa zaidi ya miaka 40. Anayelirudia leo anakuuzia tangazo la zamani.

"Ni adimu." Mwaka 1976 zilitengenezwa Eldorado 14,000 za wazi, na kwa kuwa nyingi zilifichwa, nyingi zimesalia. Adimu ni zile 200 za mwisho, nyeupe tupu zenye mistari myembamba ya bluu na nyekundu, zilizoadhimisha miaka 200 ya uhuru wa Marekani. Hata hivyo, rangi nyeupe na mistari fundi yeyote anaweza kupiga. Dai nyaraka. Halafu soma namba ya chesisi: ya gari la wazi huanza na 6L67. Ukikuta 6L47, hilo lilizaliwa na paa la bati, likakatwa baadaye.

"Limekarabatiwa, ni jipya kabisa." Hapa usitazame kwa mbali. Inama kati ya bampa na bodi, nyuma na mbele. Kuna vipande vya plastiki laini vilivyowekwa ili bampa iweze kurudi nyuma ikigongwa. Kwa miaka na kwa jua, plastiki hiyo hukauka, ikapasuka, ikameguka vidoleni kama ukoko. Aliyekarabati kweli atakuwa ameviweka vipya. Aliyepaka rangi tu atakuwa amepaka juu ya nyufa. Kisha chukua sumaku, ifunge kwa kitambaa, ipitishe chini ya milango na kuzunguka matao ya magurudumu. Inapoacha kushika, chini yake kuna puti nene, na mara nyingi chini ya puti kuna kutu. Mwisho, pandisha na kushusha paa mara kadhaa. Upande mmoja ukitangulia mwingine, kazi haijaisha. Ukarabati wa kweli una picha za kila hatua, tangu bodi ilipovuliwa hadi ilipopakwa rangi. Asiye nazo amekuuzia neno lake.

"Ni mali isiyoshuka thamani." Dola 11,000 za mwaka 1976 zilinunua vitu ambavyo leo vingehitaji takriban dola 60,000, na Eldorado nyingi za mwaka ule huuzwa chini sana ya hapo. Waliozitunza kama akiba walipata hasara. Wewe utaongeza nauli ya meli, ushuru mzito wa injini kubwa, tozo ya uchakavu ya TRA kwa gari lenye umri, na spea za kuagiza kutoka mbali. Injini ni ya lita 8.2 ikivuta zaidi ya tani mbili. Kituo cha mafuta kitakufahamu vizuri. Nunua kwa mapenzi, kwa fedha ambayo ada ya watoto haiitegemei.

"Popote utakapoliweka litadumu." Si popote. Pwani, chumvi ya bahari hutafuna bati. Uwanda wa kati una neema yake: mvua ni chache, hewa ni kavu, kutu huchelewa. Lakini jua la Dodoma na vumbi jekundu la Chimwaga vitaharibu ngozi ya viti, mipira ya milango na hizo plastiki za bampa. Gari hili linataka banda lenye paa, kifuniko cha kitambaa kinachopitisha hewa, na safari fupi za mara kwa mara. Usukani uko kushoto, na sisi tunaendesha kushoto. Kulipita lori kwenye barabara ya Morogoro bila abiria wa kukutazamia mbele ni hatari.

Utunzaji huu hauko nje ya uwezo wetu. Nairobi wamekuwa wakiyashindanisha magari yaliyotunzwa tangu 1970, katika Africa Concours d'Elegance. Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, yamehifadhi magari aliyoyatumia Mwalimu Nyerere, na thamani yake inatokana na historia inayojulikana na kuthibitishwa. Basi nawe, kabla ya kulipa hata senti, omba namba ya chesisi, picha za ukarabati, na nafasi ya fundi wako kulikagua. Muuzaji mkweli atakupa vyote vitatu. Akikunyima kimoja, ondoka.