Anza na laki sita, siyo milioni

Siku bumu linapoingia hapa Kibaoni huhitaji kuangalia simu ili ujue. Foleni iko kwa wakala tangu asubuhi, na ikifika saa nne wakala mwenyewe anasema floti imeisha, rudini mchana. Bodaboda za kwenda Majimoto na Usevya hazipatikani. Mama anayetukopesha wali maharage anatoa daftari lake na kulifungua mezani bila kusema neno. Jioni ni mishikaki.

Hesabu yenyewe mtoto wa darasa la tatu anaiweza: 10,000 kwa siku, mara siku 60, ni 600,000. Hiyo ni kwa anayepewa kiwango kamili; wenzangu wa pungufu mnajijua. Kwa wengi wetu kampasi hii ya Mizengo Pinda ndiyo hela kubwa kuliko yoyote tuliyowahi kushika kwa jina letu, na inakuja kwa mkupuo kwa mtu wa miaka 20 aliyezoea kupewa elfu mbili ya matumizi.

Elimu ya fedha kwa vijana siku hizi imejaa mtandaoni, na siyo yote ya kubeza. Soko la Hisa la Dar es Salaam limekuwa likiendesha shindano la uwekezaji kwa wanafunzi wa vyuo tangu 2014. Unajisajili, unapewa mtaji wa kubuni wa shilingi milioni moja, unanunua na kuuza hisa kwa simu kwa bei zinazofuata soko lenyewe. Mimi nilicheza. Nilijifunza gawio ni nini, nikajua kwa nini bei ya hisa inaweza kulala wiki nzima bila kutikisika, nikaacha kuogopa watu wanaotaja hatifungani. Nilinunua hisa za benki na za saruji, nikapoteza elfu arobaini ya mchezo. Sikukosa usingizi hata dakika moja.

Wiki hiyohiyo, mfukoni mwangu kweli kweli kulikuwa na 11,000, na bumu lilikuwa mbele kwa siku 19. Hapo ndipo usingizi ulipokata.

Hilo ndilo ninalogombana nalo. Masomo haya karibu yote yanaanzia pale hela inapobaki. Wekeza, nunua vipande, gawanya mayai kwenye vikapu tofauti. Sisi tunaishi pale hela inapoisha, na pale hakuna mwalimu. Samahani, yupo mmoja: programu ya mkopo kwenye simu.

Kuna mshkaji wangu, jina lake halina kazi hapa. Muhula uliopita alibaki mkavu kabisa, akapakua programu moja ya mkopo. Akaomba 100,000. Kwenye simu ikaingia 75,000, nyingine wakakata kabisa kwa jina la ada ya huduma. Baada ya siku saba alitakiwa kurudisha 110,000. Yeye aliisoma hivi: nimekopa laki, naongeza elfu kumi, si mbaya. Lakini hakukopa laki. Alikopa 75,000 na kulipia 35,000 juu yake, yaani karibu asilimia 47 kwa wiki moja. Huyu ni mtu aliyepata B ya takwimu.

Siku ya nane, jumbe zikaanza kuingia kwa watu waliomo kwenye simu yake. Mama yake mkubwa. Mwenyekiti wa kwaya. Mwalimu wake wa sekondari. Wote waliandikiwa kwamba kijana huyu ni tapeli na wao ndio wadhamini wake. Mama yake akapiga simu usiku: “Mwanangu, umeiba nini huko?” Akakopa programu ya pili ili alipe ya kwanza, na ya tatu ili alipe ya pili. Bumu lilipoingia, 310,000 iliondoka siku hiyohiyo. Mtihani alifanya akiwa anakula mlo mmoja, wa kwetu sisi wenzake.

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haimruhusu mtu kuchota majina yaliyo kwenye simu yako na kuyafanya fimbo ya kukuchapia. Mshkaji wangu hakujua lolote kati ya hayo. Alipoulizwa “ruhusu kufikia majina kwenye simu yako?” alibonyeza ruhusu, kama wewe na mimi tunavyobonyeza kila siku.

Na mkopo wetu wa kwanza siyo hata huo. Ni wa Bodi ya Mikopo. Nimeuliza chumbani kwetu nani anajua anadaiwa kiasi gani mpaka sasa. Hakuna. Nani anajua kwamba akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara? Wawili. Kaka zetu waliokuwa wakikuta asilimia 6 imeongezwa kila mwaka kwenye deni walipiga kelele mpaka tozo hiyo ikafutwa mwaka 2021. Sisi tuliokuta imefutwa hata hatujui kilichofutwa.

Najua kuna atakayesema tatizo siyo elimu, tatizo hela ni ndogo. Kweli ni ndogo. Hakuna somo litakaloifanya 10,000 inunue chakula, bando, fotokopi na sabuni, na ibaki. Lakini hela ndogo ndiyo isiyoweza kubeba asilimia 47. Tajiri akikosea hesabu anauza gari. Sisi tukikosea tunalala njaa wiki mbili.

Baba yangu analima tumbaku upande wa Mishamo. Kule hela huja mara moja kwa mwaka, baada ya soko, na chama cha msingi kimeshakata mkopo wa pembejeo. Hajawahi kuingia darasa la fedha, wala simu yake haina intaneti. Siku ya malipo hafiki nyumbani na noti. Anapitia kwa mwenye mahindi, kwa mwenye bati, anakwenda shuleni kwa mdogo wangu kulipa michango, anarudi na mbuzi. Nilikuwa nikimcheka. Akanijibu: “Hela isiyoonekana haiombwi.” Ujomba wote wa Mishamo unajua siku ya malipo, na ndugu ni ndugu, huwezi kumwambia huna wakati unayo. Sasa mtafutie huyu mzee somo la mtandaoni linalofundisha kumnyima binamu bila kugombana naye. Halipo, na ndilo ninalolihitaji kila baada ya siku 60.

Kwa hiyo ombi langu kwa serikali ya wanafunzi, na kwa yeyote anayetengeneza masomo haya: tuleteeni mchezo unaoanza na 600,000 badala ya milioni ya hisa. Ndani yake ziwepo siku 60. Siku ya 3 rafiki anaomba elfu ishirini, atarudisha Ijumaa. Siku ya 17 kioo cha simu kinapasuka. Siku ya 25 nyumbani wanapiga, mpunga haujauzwa na mdogo wako amerudishwa shule. Siku ya 40 programu ya mkopo inakutumia ujumbe mtamu, masharti yako chini kwa maandishi madogo, uyasome au usiyasome. Na siku ya 60 bumu linachelewa wiki mbili.

Tumeshaujaribu kwenye daftari, watu watano, jioni moja ya Jumamosi umeme ulipokatika. Wa kwanza alifilisika siku ya 31. Mshkaji wangu, pamoja na yote yaliyompata, alichukua tena mkopo siku ya 40, akatoka siku ya 46 huku akicheka kwa aibu. Mimi nilifika siku ya 52. Aliyemaliza ni mmoja tu, binti wa mwaka wa kwanza ambaye siku ya kwanza kabisa alitoa pesa ya mchele, maharage na mkaa wa miezi miwili, akalipa kodi, halafu akatuuliza kwa nini tunamwangalia.

Daftari ninalo. Anayetaka kujaribu anifuate vimbwetani Jumamosi baada ya saa kumi, aje na kalamu yake.