Roketi za Shaba: siku udongo wetu ulikodishwa na sisi hatukuulizwa

Hapa Mokambo makamyo ya shaba yanapita usiku na mchana kuelekea Zambia. Kila mtu anaona kinachotoka. Wachache sana ndio wanajua ni karatasi gani ilisainiwa ili kitoke. Juu ya hiyo, leo tunarudi nyuma kwenye mkataba mmoja ambao vijana wengi wa Sakania, Lubumbashi, Pweto na Kalemie hawajausikia kamwe: mkataba wa roketi, ile wengine tunaita fuze.

Mwaka 1975, Mjerumani moja, Lutz Kayser, alianzisha kampuni yenye jina OTRAG. Haikuwa kampuni ya serkali. Ilikuwa ya watu binafsi, na ilitaka kufanya kazi ambayo wakati ule serkali kubwa tu ndizo zilifanya: kurusha satelite angani kwa bei ya chini. Roketi yake ilikuwa ya mabomba mengi yaliyofungwa pamoja kama mzigo wa kuni, na ilitumia mafuta ya petroli na asidi. Mwenyekiti wa kampuni alikuwa Kurt Debus, mtu ambaye mbele ya hapo aliongoza kituo cha Marekani kilichorusha watu kwenda mwezini.

Kayser alihitaji uwanja. Ujerumani ya Magharibi ilikuwa imefungwa na mapatano ya 1954, haikuwa na ruhusa ya kutengeneza roketi za vita za kwenda mbali. Tena, karibu na ikweta mzunguko wa dunia unasaidia roketi kupanda. Njo akaja Zaire. Rais Mobutu akamkodishia eneo la kilomita za mraba 100,000 upande wa kaskazini-mashariki wa Shaba. Chukueni Rwanda na Burundi, muziunganishe: eneo lile linakaribia kuzizidi mara mbili. Maandishi ya mkataba yaliyotoka katika magazeti ya nje yalionyesha kwamba kampuni ingekaa mpaka mwaka 2000, na kwamba serkali ingehamisha watu pale kampuni ingehitaji.

Wakaaji wa kule waliulizwa wapi? Hakuna mahali. Ilikuwa ni wakati wa chama kimoja, na udongo wote ulikuwa wa Taifa, maana yake wa mkubwa moja.

Uwanja ulijengwa kwenye mlima wa Kapani, juu ya bonde la mto Luvua, ule unaotoka ziwa Mwero kule Pweto. Roketi ya kwanza ilipanda tarehe 17 mwezi wa tano 1977. Ya pili ilipanda tarehe 20 mwezi wa tano 1978. Muangalie vizuri hiyo tarehe: siku moja mbele yake, askari wa Ufaransa walikuwa wameruka na parashuti juu ya Kolwezi, ambako damu ilikuwa inamwangika. Jimbo moja, wiki moja: upande huu vita, upande ule roketi. Ya tatu ilirushwa tarehe 5 mwezi wa sita 1978 mbele ya macho ya Mobutu mwenyewe. Ilipanda kidogo tu, ikapinda, ikaanguka.

Lakini si kuanguka kule peke yake kulimaliza mambo. Urusi ya wakati ule na Angola zilikuwa zinalalamika kwa nguvu: hizi si satelite za simu, walisema, hizi ni silaha za Wajerumani zinazofichwa Afrika. Kampuni na serkali ya Bonn walikatala. Hapo tunaona tatizo la kazi hii lenyewe. Roketi inayopeleka satelite ya hali ya hewa inaweza kupeleka satelite ya kupeleleza, na ufundi uleule unaweza kubeba bomu. Jirani hawezi kujua kilichomo ndani kama mkataba umefichwa. Mwaka 1979 Mobutu alikubali mashauri ya nje, akavunja mkataba. OTRAG ikahamia Libya kwa Gaddafi. Ilikuja bila sisi kuulizwa, ikaenda bila sisi kuelezwa.

Sasa tuangalie leo. Kile Kayser alikiota kimekuwa biashara ya kawaida. Mwezi wa ine 2025 jeshi la Marekani lilizipa kampuni tatu za watu binafsi kazi ya kurusha satelite zake: SpaceX safari 28 kwa dola miliari 5.9, ULA safari 19 kwa dola miliari 5.4, na Blue Origin ya Jeff Bezos safari 7 kwa dola miliari 2.4. Hatusemi kule kila kitu ni wazi. Mkataba wa SpaceX wa satelite za kupeleleza ulijulikana tu wakati waandishi wa habari waliufichua. Lakini bei zile za safari zilitangazwa. Na mwaka 2014 SpaceX ilipoona jeshi linampa mwenzake kazi bila mashindano, ilikwenda mbele ya tribinali kushtaki serkali. Mkataba unaojulikana unaweza kubishaniwa. Usiojulikana unabaki uvumi.

Mtasema: hayo ni ya Wamarekani, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Mwezi wa saba 2025 serkali yetu ilisaini mapatano ya kwanza na kampuni KoBold Metals ya Marekani juu ya lithium ya Manono. Manono iko karibu na mto uleule wa Luvua. Na kati ya matajiri walioweka mali ndani ya KoBold kuna yule yule Jeff Bezos mwenye Blue Origin. Tena kuna kampuni ya Australia, AVZ, inayosema kibali kile ni chake. Wakubwa wanabishana, na mtu wa Manono anasikiliza redio.

Tofauti moja na wakati wa Mobutu ni kwamba leo sheria iko. Dekreti ya tarehe 20 mwezi wa tano 2011 inalazimisha serkali kutangaza kila mkataba wa mali ya asili ndani ya siku 60. Kodi ya madini ya mwaka 2018 inagawa redevanse: asilimia 25 kwa jimbo, asilimia 15 kwa sekta, sheferi ao mji ambamo mgodi uko. Tena kampuni inapashwa kutoa 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya vijiji.

Lakini sheria haisemi yenyewe. Inangojea mtu wa kuuliza. Basi, kila wakati mtasikia mkataba mpya umesainiwa Kinshasa ao Washington, muulize wabunge wenu na mashefu wenu maulizo haya: Ni miaka mingapi? Ni eneo gani kwenye ramani? Nani atahamishwa, na atalipwa nini? Sehemu yetu itapitia konti gani? Na karatasi yenyewe, tutaisoma wapi?

Mwaka 1976 hakuna aliyeweza kuuliza hivyo na kulala kwake usiku. Leo tunaweza. Tusinyamaze, juu watoto wetu watakuja kutuuliza sisi.